Pindo la Vidole Vinne

Wageni wote walifanya jambo moja. Waliingia, wakasimama katikati ya chumba, wakatazama juu, wakasema "lo!", wakapiga picha ya paa, wakatoka. Vichwa kumi na viwili vya mbao, vilivyochongwa na watu ambao hata wajukuu wao wameshazikwa, vilibaki juu ya nguzo zao ndani ya masanduku ya kioo bila wa kuvijali. Mgeni mmoja tu ndiye aliyesogea karibu na sanduku asubuhi ile, dada mmoja mwenye kilemba cha njano, na Mama Kigoda aliyekuwa amekaa pembeni moyo ukamruka kwa furaha. Kumbe yule dada alikuwa anajitazama kwenye kioo. Akapaka rangi ya midomo, akaibana, akaenda zake.

"Hata wewe!" Mama Kigoda alimwambia, lakini moyoni, maana mlinzi wa chumba haruhusiwi kumsemesha mgeni mpaka mgeni aanze.

Miaka kumi na mmoja alikuwa akikilinda chumba hicho cha makumbusho, na jina la Mama Kigoda alipewa na wenzake kwa ajili ya kigoda cha miguu mitatu alichokikalia siku zote. Zamani kulikuwa na madirisha madogo juu ya kuta, mwanga ukiingia kwa ubavu, na wageni walikuwa wakisimama mbele ya vile vichwa wakibishana navyo. Kisha likaja paa jipya. Dari ikang'olewa, kikawekwa kioo kikubwa kitupu juu ya katikati ya chumba, na madirisha ya ukutani yakazibwa kwa matofali. Magazeti yakasifu weee! Hakuna hata gazeti moja lililouliza vichwa vinaonekanaje.

Basi vilionekana hivi. Ikifika saa tano jua lilishuka utosini mwa kila kichwa. Paji la uso likang'aa, pua ikang'aa, na chini ya nyusi pakabaki mashimo mawili meusi. Kinywa kikapotea kwenye kivuli cha pua. Mtoto mmoja wa shule aliingia na wenzake, akatazama, akarudi nyuma akashika sketi ya mwalimu wake. "Mwalimu, hawa wamekufa," alisema, na darasa zima likatoka mbio. Mama Kigoda alitamani kuwafuata awaambie kwamba si kweli, kwamba yule wa tatu kutoka mlangoni anacheka, rudini mtazame, anacheka! Lakini angewaonyesha nini? Hata yeye mwenyewe alikuwa haoni tena kicheko.

* * *

"Chumba chako hakikai na watu, mama," alisema mkurugenzi.

Alikuwa amemwambia akae, ila kiti pekee kilichokuwepo kilijaa mafaili, na hakuna aliyeyaondoa. Mama Kigoda alisimama. Mkurugenzi alimgeuzia karatasi yenye takwimu za kile kidude cha kuhesabia watu kilichofungwa mlangoni. Mgeni alikuwa anakaa mle ndani chini ya dakika moja.

"Si chumba, bosi. Ni mwanga. Ukisimama pale saa sita utaona…"

"Mwanga?" Mkurugenzi alicheka, na hakucheka kwa ubaya, jambo ambalo liliuma zaidi. "Mama yangu, paa lile ndilo kitu cha maana kuliko vyote tulivyonavyo. Mwezi ujao wanakuja waamuzi wa tuzo ya majengo. Niwaambie mlinzi wetu halipendi?"

"Nataka uje usimame pale dakika tano tu."

"Nimeshasimama."

"Ulitazama juu, bosi."

Mkurugenzi aliikunja ile karatasi. "Sikiliza. Mpaka mwisho wa mwezi ujao, hesabu isipopanda, chumba tunakifunga. Vichwa vinarudi stoo. Na chumba kikifungwa, mlinzi wake… unaelewa mwenyewe, mama. Mimi sina ubaya na wewe."

"Niandike barua kuhusu mwanga?"

"Andika. Milango iko wazi."

Alikuwa ameshaandika mbili. Zote zilipigwa muhuri wa kupokelewa na kuingia kwenye faili, na huenda zilikuwa palepale juu ya kile kiti.

* * *

Mumewe alikuwa fundi cherehani, na kazi yake ilikuwa sare za shule. Shule zikikaribia kufunguliwa hakulala. Miezi mingine alikaa kibarazani akilipangusa cherehani lake vumbi. Kwa hiyo nyumba ile, kwa sehemu kubwa ya mwaka, ilisimama juu ya kigoda cha miguu mitatu. Wote walijua, hata mama mkwe, ambaye hakupenda kukumbushwa.

"Sasa wakufukuze kwa sababu ya jua?" mama mkwe aliuliza. Ilikuwa Jumamosi mchana, wamekaa uani, naye anachambua mboga juani kwa sababu alisema kivuli kinampa baridi ya mifupa. "Jua lina kosa gani? Si la Mungu?"

"La Mungu, Mama. Ila tundu ni la msanifu aliyechora paa."

Fundi alikuwa anamtazama mama yake. "Mama, hebu tazama mbele. Usiinamishe kichwa."

"Kuna nini?"

"Macho yako hayaonekani."

"Yako hapa hapa, nakuona ulivyo mpumbavu."

Fundi aliingia ndani akatoka na kitambaa cheupe cha bitana, kile chepesi cha pamba anachowekea ndani ya sketi za wanafunzi. Alimpa mkewe pembe mbili, yeye akashika mbili, wakakitandaza juu ya kichwa cha bibi kizee.

"Mungu wangu, mnanifunika! Sijafa mimi! Ngojeni nife kwanza!"

"Tulia kidogo, Mama, tafadhali."

Chini ya kile kitambaa uso wake ulirudi. Makunyanzi yalionekana moja moja, na kidevu, na macho mawili yaliyojaa hasira tele, yakimwangalia mwanawe kama yaliyotaka kumchapa. Mama Kigoda nusura aachie pembe. "Ndivyo hivi," alisema. "Ndivyo wale wa mbao walivyokuwa wakitutazama!"

"Mteja akinichagulia uzi kwenye jua kali, siku zote namwambia aingie barazani," alisema Fundi. "Jua tupu linadanganya. Mimi nalijua tangu nikiwa mwanafunzi wa kazi. Huyo msanifu hakushona hata kifungo?"

"Niandike barua ya tatu?"

"Andika. Lakini niletee na vipimo."

"Vipimo vya paa! Nitaruka?"

"Unaruka nini? Mwanga wenyewe si unaanguka sakafuni? Jua likipita tunduni, pale chini panabaki umbo la tundu, upana ule ule, urefu ule ule. Upime huo mwanga."

* * *

Jumatano, saa sita juu ya alama, Mama Kigoda alipiga magoti kwenye sakafu ya makumbusho na tepu ya mumewe mkononi. Mwanga ulikuwa umelala pale katikati kama mkeka, kingo zake zimenyooka. Alianza pembe moja, akatambaa. Kabla hajafika pembe ya pili ile ya kwanza ilikuwa imeshasogea. Jua halimngoji mtu mwenye magoti mabovu. Alirudi, akaanza upya, akitambaa haraka zaidi huku akitweta.

Alipoinua macho akakuta wageni sita wamemzunguka. Watatu walikuwa wanampiga picha.

"Hii ni sehemu ya maonyesho?" aliuliza mmoja kwa heshima kabisa.

"Ndiyo," alijibu Mama Kigoda, kwa kuwa angesema nini? Wakapiga makofi. Aliandika vipimo kwenye kiganja: mita tatu na nusu, mita mbili na robo. Siku hiyo, alifikiri kwa uchungu, kidude cha mlangoni kingeandika kwamba hatimaye kuna kitu kilichotazamwa mle ndani, nacho ni makalio yake.

Barua ya tatu ilipigwa muhuri siku hiyo hiyo. Wiki ikapita, ikaja ya pili. Kimya.

Fundi akalitoa jora la mwisho la bitana aliloliweka kwa ajili ya msimu wa shule. "Unakwenda kulivalisha paa bitana ya watoto?" mama yake aliuliza, na Fundi akajibu kwamba paa nalo ni mteja, tena ni mteja asiyelalamika. Alikata Jumapili mchana, akashona mpaka jua likapungua, mishono miwili miwili sambamba, kama anavyoshona siku zote mahali mtoto atakapokaa na kupanda miti. Alifanya kazi huku akipiga mluzi. Mkewe alikuwa amesahau mara ya mwisho kuusikia ule mluzi.

* * *

Jumatatu makumbusho hufungwa. Ngazi pekee ndefu ya jengo ilikuwa ya fundi umeme, na hakumwazima mtu, ndiyo maana wenzake walimwita Ngazi.

"Dada, mimi nina watoto," alisema Ngazi.

"Na mimi nina nini, kuku?"

Ngazi alijikuna kichwa. Aliitazama ile nguo, akatazama juu kwenye fremu ya kioo, palipokuwa na kulabu za wasafishaji pande zote nne. "Mimi nabadilisha taa," alisema hatimaye. "Kitambaa sijakiona. Ukiulizwa, nilikuwa nabadilisha taa."

Alipanda. Alitundika pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipofika ya nne alivuta, akavuta tena. Kitambaa hakikukaza. Kilikuwa kikubwa. Kilishuka katikati kikaning'inia, tumbo zima la kitambaa juu ya vichwa.

Mama Kigoda alimpigia mumewe simu. "Umeshona nini wewe? Kinaning'inia! Kina kitambi! Nilikupa vipimo vya kiganja kizima!"

Upande wa pili mkasi ulisikika ukiwekwa mezani.

"Baba watoto! Umeacha nafasi ya kukulia?"

"Mkono, mke wangu," alisema Fundi kwa sauti ndogo. "Mkono wenyewe umezoea. Nimekata kubwa kidogo kila upande. Na pindo la vidole vinne, la kukunjuliwa mtoto akirefuka."

"Paa litakua liende darasa la ngapi?"

"Kilete nipunguze."

"Upunguze lini? Kesho ni wageni! Ngazi hii nitaipata tena wapi?" Alikata simu, akakaa kwenye kigoda, akalia kwa hasira tu. Miaka kumi na mmoja, barua tatu, jora zima la mwisho, na mume ambaye hata paa analiona mtoto wa darasa la kwanza.

"Dada," Ngazi aliita kutoka juu. Kisha akashuka taratibu, akasimama kando yake. "Dada, acha kulia, tazama."

Jua lilikuwa limefika. Liliingia ndani ya lile tumbo, likalijaza, na tumbo likaumwaga mwanga pande zote, mbele, ubavuni, hadi chini ya nyusi. Vichwa vilikuwa vimefumbua macho, vyote kumi na viwili. Na vioo vya masanduku, kwa kuwa hapakuwa tena na jua tupu la kuvimulika, viliacha kuonyesha watu sura zao. Yule wa tatu kutoka mlangoni alikuwa anacheka.

"Huyu mzee ananicheka mimi?" aliuliza Ngazi.

"Anakucheka wewe," alisema Mama Kigoda, akajifuta pua.

* * *

Siku nane zilizofuata hazikuwa na mfano. Watu waliingia na kusahau kutoka. Wanafunzi walipanga mstari wakaiga nyuso, kila mmoja na kichwa chake. Mzee mmoja alimwomba Mama Kigoda kigoda, akakaa nusu saa mbele ya kichwa cha mwanamke mwenye mashavu mapana. "Huyu ni dada yangu mtupu," alisema, "hata anavyonuna." Mama Kigoda alisimama nusu saa nzima na miguu haikumuuma. Kidude cha mlangoni kikaandika dakika tisa, kisha dakika kumi na mbili, mkurugenzi akizisoma ofisini kwake bila kuja kutazama.

Siku ya tisa waliingia waamuzi. Walikuwa watatu, na mkurugenzi, na msanifu mwenyewe, kijana mwembamba wa shati jeupe. Msanifu alitazama juu na rangi ikamtoka usoni. Alikuwa anaitazama bitana ya wanafunzi ikiwa na kitambi katikati ya kioo chake.

"Ahaa," alisema mwamuzi mmoja, mama wa makamo mwenye miwani shingoni. Alizunguka chumba polepole, kichwa kwa kichwa, akarudi. "Ile mikunjo pale juu. Huu uzito wa katikati. Ni ujasiri mkubwa. Hukuogopa kukificha kioo chako mwenyewe?"

Msanifu alishusha macho kutoka juu. "Tulitaka," alisema, "tulitaka nuru ipumzike kwanza kabla ya kushuka."

"Tulitaka," Mama Kigoda alirudia kimoyomoyo. Ulimi ulikuwa unamwasha. Na hapo, kama bahati, yule mama mwamuzi akamgeukia. "Nawe mama, uko hapa kila siku. Unauonaje mwanga huu?"

Mgeni ameanza. Sheria imeruhusu.

"Kaushona mume wangu," alisema Mama Kigoda.

Mwamuzi akacheka, akacheka vizuri kabisa, akamshika bega. "Jamani, nimependa! Kaushona mume wangu!"

"Mama yetu huyu ana utani sana," alidakia mkurugenzi upesi, na wote wakacheka, na msanifu naye, akiwa amechelewa kidogo.

"Si utani," alisema Mama Kigoda. Lakini walikuwa wameshaelekea mlangoni, na yule mwamuzi alikuwa anamsimulia mwenzake maneno hayo hayo, mume wangu kaushona, aisee.

* * *

"Umetundika kitu juu ya vichwa vya watu bila ruhusa," alisema mkurugenzi. Safari hii kiti kilikuwa kitupu, ila hakumwambia akae. "Kingeanguka je?"

"Niliandika barua tatu, bosi."

"Zikajibiwa?"

"Hazikujibiwa."

"Basi. Kutojibiwa si kuruhusiwa." Alisugua macho. Hakuwa mtu mbaya, na Mama Kigoda alikuwa amechoka kabisa na watu wasio wabaya. "Kwa taratibu nilipaswa kukuachisha kazi. Nimekutetea. Utahamia chini, chumba cha mizigo. Kwa kibarua cha siku, kwa sasa."

"Na chumba changu?"

"Hakifungwi. Chumba sasa kinajieleza chenyewe, mama. Tunaweka kamera."

"Na kitambaa?"

"Kitabaki mpaka msanifu alete cha kudumu. Ameshakuja kukipima."

Mama Kigoda aliuliza kama anaweza angalau kushuka na kigoda chake. Mkurugenzi alifungua daftari la vifaa, akapitisha kidole, akasikitika. Kigoda kilikuwa mali ya chumba cha juu.

Nyumbani, Fundi alivaa shati la kutokea akasema anakwenda kuwaeleza. Mkewe alisimama mlangoni. "Utawaeleza nini? Nimeshawaeleza. Walicheka." Fundi alikaa na shati lake la kutokea mpaka chakula kikaiva, kisha akalivua.

* * *

Chumba cha mizigo hakikuwa na dirisha. Kulikuwa na rafu, taa moja ya mrija iliyokonyeza, na meza ndefu ya kupokelea mikoba. Siku moja Ngazi alishuka na furushi, akaliweka mezani. Lilikuwa ile bitana, imekunjwa, ina vumbi. Juu walikuwa wametundika kipya.

Jumapili iliyofuata Fundi akaja na mama yake. Bibi kizee hakuwahi kukanyaga makumbusho maishani mwake.

"Mkoba, Mama," alisema Mama Kigoda.

"Unaniibia hadharani?"

"Ndiyo sheria, Mama. Hiki kibao, namba kumi na saba. Usikipoteze."

Walipanda. Kwenye chumba cha vichwa, mahali kilipokuwa kigoda, palikuwa na kibao cha shaba ukutani chenye jina la tuzo, na chini yake jina la msanifu kwa herufi kubwa. Fundi alikisoma mara mbili, kisha akainua macho. Kitambaa kipya kilikuwa cha thamani, kinameremeta, kimeletwa kwa ndege. Kilikuwa na tumbo, kipimo kile kile. Kilikuwa na mishono miwili miwili sambamba, ile anayoiweka ili sketi isipasuke mtoto akipanda mti. Alisogea hadi ukingoni, akakinga macho kwa mkono, akatazama pindo. Alinyoosha vidole vyake hewani, akahesabu.

Mama yake alikuwa amesimama mbele ya yule wa tatu kutoka mlangoni. "Huyu anacheka nini?" aliuliza kwa sauti, na wageni wakageuka. "Wewe! Unacheka nini? Twende, mwanangu, huyu hana adabu."

Walishuka. Mama Kigoda alikuwa anapokea begi la mgeni mwingine, lakini alimwona mumewe usoni, akaliacha begi mezani.

"Vipi?"

"Wamenakili kila kitu," alisema Fundi. "Tumbo. Mishono. Wameacha hadi pindo la kukulia."

"La vidole vinne?"

"Vinne kamili."

"Hawajui ni la nini."

"Watajuaje? Nani atawaambia?"

Mama Kigoda alianza kucheka. Alicheka akashika meza, mgeni mwenye begi naye akatabasamu bila kujua kisa, na mama mkwe akauliza kuna nini, jamani, mbona hamniambii. Kisha kicheko kikageuka, macho yakamjaa, na hakuona haja ya kuyaficha, kwa kuwa chini ya ile taa hakuna aliyekuwa anamwona mwenzake vizuri.

"Siku kitambaa kikichakaa watakuja kutuuliza," alisema.

"Hawatakuja."

"Najua hawatakuja." Alichukua kibao cha kumi na saba mkononi mwa mama mkwe, akamrudishia mkoba wake, akakitundika kibao kwenye begi la mgeni aliyefuata.